Dereva wa Arusha kwenye kiti cha abiria: gari la kukodi Bali

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza la kila mtu hapa mjini. Gari pamoja na dereva, saa kumi kwa siku, mafuta yakiwa ya dereva: rupia 700,000 za Indonesia. Kwa hela yetu ni kama laki moja na elfu kumi na tano, ukipata mtu wa kukubadilishia vizuri. Tulikuwa wawili, tukagawana. Viingilio, maegesho na chakula ni juu yako, na ukizidisha saa kumi, kila saa ya ziada ina bei yake.

Kwa hela hiyo Arusha hupati Land Cruiser ya kukutoa Njiro mpaka geti la Loduare. Najua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Naendesha watalii, nimeanza zamani, na mgongo wangu unaijua kila kona ya Ngorongoro. Kwa hiyo anayewaandikia hapa si mtu wa kushangaa kila kitu. Nilikaa kiti cha nyuma nikimkagua mwenzangu: anashikaje breki kwenye mteremko, anaongea wakati gani, ananyamaza wakati gani, na ananipeleka kwenye duka la nani.

Nilifikaje huko mimi mtoto wa Same? Mei kwetu ni mwezi wa gereji. Masika imekolea, barabara za hifadhini ni tope, magari yanashushwa gia boksi, na madereva tunashinda kijiweni tukisubiri Juni. Wageni niliowahi kuwazungusha Serengeti wakaamua kufungia ndoa yao Bali, wakanitumia tiketi: KIA, Doha, Denpasar. Harusi ikaisha, tiketi ya kurudi ikawa bado ina siku zake. Hapo ndipo akaingia Mwalimu.

Mwalimu tulikutana Doha kwenye foleni ya kupandia ndege. Nilisikia mama nyuma yangu anafoka kwenye simu, "Mwambie ule mkungu asiuguse mtu mpaka nirudi!" Nikageuka. Shikamoo mama. Marahaba baba, wewe wa wapi? Same, ila nakaa Arusha. "Mpare! Basi mkoba wangu nitaushika mwenyewe." Utani ukaanzia hapo na haukukoma hadi tuliporudi nyumbani. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Old Moshi, na alikuwa anakwenda kumwona binti yake anayefanya kazi hotelini Sanur. Binti anaingia zamu asubuhi, mama anabaki anatazama bwawa la kuogelea. Mimi nilikuwa nimepanga chumba huko huko Sanur, kwa hiyo haukupita muda simu ikaita: "Baba, wewe si dereva? Mbona umekaa? Tafuta gari tutoke, tukaone watu wanavyoishi."

Namba ya dereva nilipewa pale nilipolala. Jina lake silitaji kwa sababu sijamwomba ruhusa, ila ni jina la mtoto wa kwanza. Kule majina mengi yanafuata zamu ya kuzaliwa, wa kwanza mpaka wa nne, na wa tano anarudia la kwanza. (Mwalimu: "Darasa la watoto arobaini, nikiita Wayan wanasimama kumi. Ningeacha kazi mapema.") Nilimwandikia WhatsApp jioni. Kabla hata hajataja bei, akauliza: kuna mwenye shida ya magoti? Kuna chakula msichokula? Mnataka kuona sehemu nyingi au kukaa muda mrefu sehemu chache? Maswali mazuri sana hayo. Dereva anayeuliza magoti kabla ya hela ameshapandisha wazee ngazi nyingi. Nikamjibu kwamba Mama goti la kushoto lina hali yake, mimi ni Msabato, nguruwe sili na kahawa sinywi, na tunataka sehemu chache.

Gari lilikuwa Toyota Avanza, si jipya lakini limetunzwa. Juu ya dashibodi kulikuwa na kisahani kidogo cha majani ya mnazi, ndani yake maua ya rangi rangi, punje za wali, na kijiti cha ubani kilichokwisha kuungua. Ni sadaka ya kila siku, utaiona mlangoni mwa kila duka, juu ya pikipiki, hata chini barabarani, na unatakiwa uiruke usiikanyage. Kwenye buti alikuwa na vitambaa vya kujifunga vya kuingilia hekaluni, vimefuliwa na kukunjwa, pamoja na mikanda yake ya kiunoni. Mwalimu alivitazama, akatoa kanga zake mbili kwenye mkoba. Mlinzi wa hekalu la kwanza aliiangalia ile kanga, akaangalia mkanda kiunoni, akapisha. Kwa hiyo kina mama, msikodi kitambaa mlangoni. Bebeni vya kwenu.

Uendeshaji. Wanapita kushoto kama sisi, usukani kulia kama wetu. Barabara ni nyembamba, pikipiki ni nyingi kuliko bodaboda wa Kilombero na Sakina ukiwachanganya, ila nilichokiona ni kwamba hakuna anayegombana. Honi wanaipiga kifupi, pi, kumjulisha mtu kwamba niko nyuma yako, basi. Mwenzangu huyu alikuwa anatembea kilomita arobaini kwa saa na hakuna siku niliyoona amebanwa akakasirika. Ramani itakwambia Sanur mpaka Jatiluwih ni kilomita hamsini na kitu, wewe ukadhani ni Arusha na Usa River mara mbili. Ni karibu saa mbili. Pangeni hivyo. Kasoro moja ya gari: mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umezama chini ya kiti, ikabidi niuchimbue mwenyewe. Kwangu hiyo ni kosa, na nilimwambia.

Siku ya kwanza alitupitisha Mengwi, hekalu la Taman Ayun, la mwaka 1634, la wafalme wa huko. Limezungukwa na maji pande zote na ndani kuna minara ya paa juu ya paa, mirefu zaidi ina paa kumi na moja, zimeezekwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mtende. Minara hiyo wanaiita meru. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya mlima wetu wa Meru, mita 4,566, niliyoipiga asubuhi moja kutoka Njiro. Aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akaomba nimtumie. Sasa ameiweka kwenye picha yake ya WhatsApp.

Kisha tukapanda Jatiluwih, na hapa nitakaa kidogo.

Jatiluwih ni mashamba ya mpunga yaliyochongwa kwa matuta kwenye miteremko ya mlima Batukaru, mita 2,276. Watu wengi wanaishia Tegallalang karibu na Ubud kwa sababu ni karibu na kuna bembea za kupigia picha. Dereva alitwambia Tegallalang tutapita siku nyingine njiani, tukipenda tushuke, ila kama Mama anataka kuona wakulima, twende juu. Ushauri wa haki. Matuta yanashuka mpaka macho yanachoka, mpunga ulikuwa kijani kibichi, na maji unayasikia kabla hujayaona. Yanapita kila mahali, kwenye mifereji ya upana wa futi moja, kwenye vibomba vya mianzi, chini ya njia unayokanyaga.

Mwalimu alitembea hatua chache akasimama. "Huu ni mfongo," akasema.

Kwa wasiotoka Kilimanjaro: mfongo ni mfereji unaochukua maji mtoni huko juu msituni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, ndizi na kahawa zinywe. Wazee wa zamani waliichimba bila pima maji, kwa jicho tu. Mimi nikamkumbusha kwamba Upareni tuna ndiva, mabwawa ya kukinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa yashuke shambani, kwa hiyo asijione yeye peke yake ana akili. Akasema Mpare hata maji anayawekea akiba. Tukabishana hapo katikati ya mpunga wa watu, kwa sauti, dereva anatutazama hajui kama tunagombana au la.

Halafu akatuonyesha kitu. Kwenye njia panda ya mfereji lilikuwa limelazwa gogo, limezamishwa ndani ya maji na kuchongwa mapengo. Pengo moja pana, mawili membamba. Maji yanapita juu ya gogo kwa kina kile kile, kwa hiyo upana wa pengo ndio fungu lako: mwenye shamba kubwa pengo pana, mwenye dogo pengo dogo. Hakuna bomba wala mita, na mtu hana pa kudanganyia kwa sababu kila anayepita njiani anaona. Mwalimu, na goti lake, akachuchumaa akapima kwa shubiri. Pengo pana lilikuwa mara mbili ya jembamba, barabara kabisa. Akapima tena.

Mzee mmoja akaja na jembe begani. Dereva akamsalimia na kuanza kutafsiri, na hapa nampa alama zote. Kuna waongozaji ambao mgeni akiuliza swali wanajibu wao badala ya mwenye shamba. Huyu alipeleka swali kama lilivyo, akarudisha jibu kama lilivyo, hata pale jibu lilipokuwa neno moja. Kwamba wenye mashamba wanaokunywa mfereji mmoja wako kwenye chama kimoja, kinaitwa subak. Kina mkuu wake, kina vikao, na kina hekalu lake kule maji yanakoanzia, na ratiba ya kupanda na kupumzisha shamba inaendana na ibada za hekalu hilo. Mwalimu akauliza swali la mtu aliyekulia kwenye mfongo: asiyekuja kusafisha mfereji mnamfanyaje? Mzee akacheka. Analipa faini. Asipolipa? Anayatazama maji yakipita.

"Kwetu alikuwa anatozwa mbege," Mwalimu akasema, "na wanaokunywa ni wale waliosafisha." Hiyo ilitafsiriwa pia, na yule mzee akaipenda kuliko yote.

Tulichelewa pale. Ratiba ilikuwa inasema Bedugul saa nane, na dereva yeyote anajua maana ya kuchelewa: foleni ya kurudi, saa za ziada, chakula cha jioni nyumbani kimepoa. Yeye aliketi kwenye tuta, simu mfukoni, akasubiri. Hakuangalia saa hata mara moja, au aliangalia nisione, na huo ndio ufundi wenyewe.

Njiani kupanda Bedugul alitusimulia jinsi miaka ya 1970 serikali yao ilivyohimiza mbegu za mpunga za muda mfupi na kupanda bila kupumzika, kila mtu kwa wakati wake. Mavuno yakapanda kwanza, halafu wadudu wakavamia, kwa sababu shamba moja likivunwa, la jirani liko kijani, mdudu anahama tu. Kumbe ile ratiba ya hekalu ilikuwa inafanya kazi ambayo haikuandikwa popote: bonde zima linavunwa pamoja, linakauka pamoja, mdudu anakosa pa kula. Mwanaanthropolojia mmoja wa Marekani, Stephen Lansing, alilifuatilia jambo hilo miaka mingi na kulionyesha kwa hesabu za kompyuta. Mwaka 2012 UNESCO wakaiweka mifereji hiyo na mahekalu yake kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwalimu aliposikia hivyo alinyamaza mpaka kwenye kona inayofuata, kisha akauliza wa Old Moshi wameandikiwa barua lini. Mifongo mingi ya kwao, anasema, sasa ni njia ya ng'ombe.

Bedugul nitapita haraka. Hekalu la Ulun Danu Bratan, mwaka 1633, limekaa ziwani, ni la mungu wa kike wa ziwa anayegawa hayo maji yote. Ni zuri, liko kwenye noti moja ya zamani ya rupia 50,000, na limejaa watu. Kuna baridi ya Lushoto, ukungu unashuka mchana. Bebeni sweta.

Kesho yake tulitaka kwenda Lempuyang. Mnaijua picha, hata kama jina hamlijui: lango la mawe lililopasuliwa katikati, nyuma yake mlima Agung, mbele yake ziwa tulivu kama kioo na mtu amesimama juu ya taswira yake. Binti alikuwa amemwonyesha Mwalimu. Dereva angeweza kutupeleka tu, maana ni mbali na saa za ziada zingempa hela. Badala yake akasema wazi: ziwa hakuna. Kuna kijana anaweka kipande cha kioo chini ya kamera ya simu yako, ndilo ziwa lenyewe. Unachukua namba, unasubiri hata saa kadhaa, unapewa dakika yako, unaondoka. Hekalu ni takatifu na mlima ni wa kweli, ila hiyo foleni ni ya kioo.

Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. "Kioo ninacho nyumbani," akasema. Tukaenda Tampaksiring.

Hapo kuna mahali pawili, karibu karibu. Tirta Empul ni hekalu la chemchemi, la karne ya 10. Nyuma kuna bwawa la maji meupe ambapo unaona kabisa mchanga mweusi unafukuta chini, maji yanatoka ardhini mbele ya macho yako. Mbele maji hayo yanamwagika kwenye mitutu ya mawe, watu wanapanga foleni ndani ya maji, wanainamisha kichwa mtutu mmoja baada ya mwingine. Kuna mitutu miwili wanairuka, ni ya ibada za wafu. Watalii nao wanaingia, na wengine wanaingia kama wameona bwawa la kuogelea, na mimi kwa hilo niliona aibu kwa niaba yao. Dereva hakutushawishi. Alisema anayetaka atamweleza utaratibu na maombi, asiyetaka kuna kivuli pale. Mwalimu alikaa kivulini. "Mimi nilibatizwa Kidia, inatosha," akasema, lakini hakuondoka mpaka bibi mmoja aliyekuwa anatetemeka kwa baridi alipomaliza mitutu yake yote. Aliinuka akamshika mkono bibi yule kwenye ngazi, wakasemeshana kila mmoja kwa lugha yake. Mimi niliangalia ile nyumba kubwa kilimani juu ya hekalu. Ni ikulu, iliyojengwa enzi za Rais Sukarno.

Gunung Kawi ndiyo niliyoipenda kuliko yote, na ndiyo yenye ngazi. Zinapita mia mbili, zinashuka bondeni kwenye mto Pakerisan kati ya mpunga na wauza vitambaa. Chini kabisa, ukutani mwa jabali, watu wa karne ya 11 walichonga mahekalu kumi, kila moja kama mita saba kwenda juu, ndani ya jiwe lenyewe, hakuna tofali hata moja lililopangwa. Hapa lile swali la magoti lilirudi na faida yake. Alikuwa ametufikisha mapema kabla ya jua kali, akatushusha kwa vituo, kila kituo ana kisa cha kusimulia ili Mama asione kwamba anapumzishwa. Ujanja huo naujua, nautumia kwenye kushuka Empakai. Mwalimu naye aliujua. Walimu hawadanganyiki. Alimwacha tu aendelee.

Sasa lawama. Kutoka hapo, bila kuuliza, gari likakunja kushoto kwenye shamba la kahawa. Silitaji, yako mengi na yanafanana. Binti mwenye tabasamu anakupitisha kwenye miche michache, unafika kwenye kizimba, ndani amelala fungo. Kahawa ile maarufu ya luwak: fungo anakula buni mbivu, inapita tumboni, inaokotwa, inaoshwa, inakaangwa, inauzwa kwa bei ya mbuzi. Kisha mnaketishwa, inaletwa trei ya vikombe vidogo vidogo vya bure, chai ya tangawizi, ya mchaichai, ya manjano, kahawa za namna namna, na mlango wa kutokea uko ndani ya duka. Mimi nilikunywa tangawizi. Lakini walikuwa wamemwita mwanamke wa Old Moshi kuonja kahawa, mtu aliyesomeshwa kwa kahawa ya baba yake iliyouzwa KNCU, chama cha ushirika cha Kilimanjaro. Akauliza wanaimenya kwa mashine gani. Wanaianika siku ngapi. Kitandani au chini? Binti akaenda kumwita mkubwa wake. Mwalimu akanywa funda moja la luwak, akaweka kikombe. "Wameiunguza," akasema kwa Kiswahili, kwa adabu, akitabasamu. Akamtazama fungo kwenye kizimba chake. "Na huyu mnyama wa usiku wanamwamsha mchana kwa ajili yetu." Hatukununua kitu.

Kwenye gari nikaongea na dereva, kikazi. Nikamwambia ndugu yangu, na mimi Arusha kuna maduka ya vinyago yanayonikumbuka, naijua kamisheni, sina neno. Ila mgeni aulizwe kwanza. Alicheka mpaka akasimamisha gari. Tangu hapo kila kituo kilitajwa kabla hatujafika. Kesho yake Mwalimu alimletea robo kilo ya kahawa ya Kilimanjaro, aliyokuwa amembebea binti yake: "Mpe mkeo, aonje ambayo haijapita tumboni mwa mtu."

Kintamani tulifika, tukala na kuitazama Batur, mita 1,717. Mlipuko wa 1926 ulifunika kijiji na hekalu lao, wakahamisha hekalu ukingoni juu. Mimi napeleka wageni Lengai, mlima unaotapika siushangai sana. Ila kijiji kizima kuhama na mungu wake mgongoni, hilo nililifikiria.

Chakula nacho kinahusu dereva. Kwao kitimoto ndiyo sherehe: nguruwe mzima juu ya mti, tumboni amejazwa manjano, mchaichai na pilipili, anazungushwa mpaka ngozi inalia ikivunjwa. Mwalimu aliitaka, mimi siili. Akatupeleka kwenye mgahawa mdogo wa pembeni ambapo mmoja anapata hiyo na mwingine kuku wa viungo, kila mtu na sahani yake ya wali juu ya jani la mgomba. Uamuzi wa Mwalimu: ngozi imewashinda wa Moshi, nyama wa Moshi wamewashinda wao, na ndizi ya kuchoma pembeni haikuwepo, jambo ambalo hakulielewa katika nchi yenye migomba mingi hivyo.

Uluwatu tulikwenda jioni moja. Hekalu liko juu ya genge la mita kama sabini, bahari inapiga chini. Nyani wadogo wa pale wanaiba miwani na kuirudisha ukiwapa chakula. Tuliambiwa mapema, miwani ikaenda kwenye mkoba, ule ambao Mpare haruhusiwi kuushika. Ngoma ya kecak wakati jua linazama inafaa: wanaume wamekaa duara, hawana ngoma hata moja, ni midomo tu.

Kwa hiyo nyota ngapi? Dereva nampa nne na nusu, nusu imebaki kwenye mkanda wa kiti na kwenye shamba la kahawa. Namba yake nitampa yeyote atakayeniomba ana kwa ana. Mkikodi mwingine, muulizeni mambo mawili kwa maandishi: ni vituo gani vya biashara, na saa kumi zinaanza kuhesabiwa akitoka kwake au akifika kwenu. Kuna ushuru wa mtalii wa rupia 150,000, ulianza Februari 2024, lipeni mtandaoni kabla ya kusafiri. Na msinunue tiketi ya Machi bila kuangalia tarehe ya Nyepi. Siku hiyo kisiwa kizima kinakaa kimya, hakuna kutoka nje, hata uwanja wa ndege unafungwa kwa saa 24.

Hesabu zetu na Mwalimu zimekaa sawa, isipokuwa rupia 20,000 za maegesho ya Bedugul, ambazo nilitoa mimi. Nimemkumbusha mara kadhaa. Anasema amenikadiria kazi ya kuzilipa: nije Old Moshi Jumapili na jembe langu, mfongo wa kwao una matope.